Siku Mama Alipopika Wali Ruiru

Mwezi wa kumi ukiingia, Mama alikuwa hatulii. Asubuhi ungemkuta amehamisha kitanda, mchana amekirudisha kilipokuwa, jioni amesimama mlangoni na leso begani akiuliza kama kweli hakuna jamaa yeyote mgonjwa, mahali popote, ambaye tungeweza kwenda kumtazama. Baba alikuwa dereva wa lori la mkonge, na raha yake duniani ilikuwa kufika nyumbani na kuvua viatu. "Mama watoto, keti basi," alikuwa akimwambia. "Nachoka hata kwa kukutazama." Mama haketi. Na mimi nilimrithi, sitakataa. Mpaka leo nikikaa mahali kidogo tu miguu inaniwasha, na wajukuu zangu wanasema nyanya ana siafu kwenye viatu.

Tulikuwa tunakaa Majengo, Thika, upande ambao upepo ukigeuka unakuletea harufu ya magome ya miti ya miwati kutoka kiwanda cha dawa ya ngozi. Hiyo ni miaka ya hamsini, wakati wa Hali ya Hatari. Majengo ilikuwa na Waislamu wa kila namna: Wanubi, Wakamba waliosilimu, Wanyamwezi ambao babu zao walikuja na misafara, watu wa pwani waliofuata kazi. Lakini Mwajemi alikuwa mmoja tu, na ndiye Mama. Alizaliwa mji wa Shirazi, huko Uajemi, akaletwa Mombasa na baba yake muuza mazulia akiwa mtoto mkubwa wa kutosha kukumbuka kwao. Biashara ikawavuta bara, mzee akafia Thika, na binti akaolewa na kijana mweusi aliyekuwa ametoa lori la tajiri wake, bila ruhusa, kubeba maiti ya mzee mpaka makaburini. Ndivyo Mama alivyotuhadithia, na kila alipofika kwenye "bila ruhusa" Baba alikohoa.

Huko kwao, alisema, majira haya yana jina: paizi. Majani yanageuka manjano na kuanguka, watu wanafunga mizigo na kuteremka kutoka milimani kabla ya baridi, familia nzima na mbuzi na bibi kizee juu ya punda, na kila nyumba wanayofika njiani wanaingia na sufuria. Sasa Thika paizi itoke wapi? Thika mwezi wa kumi kahawa inaiva mashambani, mvua za vuli zinatishia tu na kukataa kunyesha, na vumbi jekundu linaingia mpaka kikombeni. Majani hayaanguki, ng'o. Lakini mwili wa Mama haukuwa na habari hiyo. Ulijua tu kwamba wakati wa kwenda umefika, na kwa kuwa hapakuwa na pa kwenda, alipika.

Alipika vyakula vya kukaa tumboni. Supu nzito ya maharagwe na mboga za majani, yenye tambi alizokata mwenyewe kwa kisu. Kuku wa komamanga, ambaye kwao hupikwa kwa kokwa za jozi zilizosagwa, na hapa kwetu jozi zikawa njugu karanga za kutwanga kwenye kinu, na mtwangaji nikawa mimi. Yule kuku alikuwa mchachu, mtamu, na mweusi. Ukimwona bila kumwonja unaweza kukimbia.

Halafu wali. Wali wa Mama ulikuwa kazi ya nusu siku. Aliosha mchele, akauchemsha nusu, akauchuja. Chini ya sufuria akapaka samli, maziwa lala, kiini cha yai na zafarani kidogo ya kununuliwa kwa Mhindi, kisha akaurudisha wali taratibu, akafunika kwa kifuniko kilichovikwa kitambaa, akauacha kwenye moto mdogo mpaka ule wa chini ushikane. Mwisho aliipindua sufuria yote juu ya sinia, pu! Wali ukatoka mzima, na juu yake ukoko mmoja wa rangi ya shaba, mkavu, unaolia ukiukata. Sisi tuliuita ukoko, yeye aliuita tahdigi. Kwake hicho ndicho kilikuwa chakula, wali mwingine ulikuwa wa kusindikiza tu.

Na ulikuwa na adabu zake. Kipande cha katikati, kile kikubwa, alipewa mtu anayeheshimiwa kuliko wote waliokaa. Nyumbani kwetu alikuwa Baba. Akija mgeni, Baba alipokonywa akapewa mgeni. Ukimpa mtu kipande kile, Mama alisema, umemwambia bila kufungua mdomo kwamba yeye ndiye mkubwa wako.

Sasa toka nje ya mlango wetu. Nyumba nyingine zote za Thika, ukoko ni wa watoto, wa kuku, na wa msichana anayesugua sufuria. Mtu mzima hali ukoko mbele ya watu. Wenzangu waliniambia nikiuzoea mvua itanyesha siku ya harusi yangu. Kumpakulia mgeni ukoko? Afadhali umfagilie miguuni, atakuelewa haraka zaidi. Tuliyajua haya yote mawili, Dada na mimi, sheria moja ya ndani na nyingine ya nje, na tulipita kati yake kila siku bila kujikwaa. Mpaka Dada alipoposwa.

Dada alikuwa ameshapita miaka ishirini, na kwa Majengo ya siku zile hiyo ilikuwa habari ya kunong'onwa bombani. Mchumba wa kwanza alikuja, watu wake wakamrudisha. Walisema watoto wa yule Mwajemi hawajulikani ni watu wa wapi. Dada alilala siku kadhaa akiutazama ukuta. Kisha akatokea fundi wa cherehani kutoka Ruiru, kijana mpole mwenye futi shingoni, aliyekuja Thika kununua nyuzi. Akamshonea Dada gauni la Idi. Akalileta. Akalichukua tena kurekebisha mkono ambao haukuwa na kasoro yoyote. Alipolichukua mara ya tatu hata Baba akaelewa. Dada alimtaka. Alimtaka mpaka akawa anamimina chai inafurika kikombe na yeye anatabasamu. Nikimtania ananirushia kandambili, lakini ananirushia huku anacheka, na Dada hakuwa amecheka muda mrefu.

Baba wa fundi alikuwa ameshafariki. Neno la mwisho lilikuwa la mama yake, na yule mama alikuwa ameikubali posa nusu mdomo. Akatuma ujumbe kupitia kwa mwanawe: mguu wake umevimba, hawezi kuja Thika. Basi mama wa binti aje Ruiru, apike kwenye ua wake, macho yake yakiona. "Binti hupika kama mama yake," alisema. "Nikishiba, siku ya ndoa tutaipanga papo hapo. Nisiposhiba, tusisumbuane."

Dada alimfuata Mama jikoni siku hiyo hiyo.

"Mama, pilau. Nakuomba. Pilau ya nyama na kachumbari, basi."

"Pilau anapika kila mtu."

"Ndiyo maana!"

"Niende kwa wakwe zangu, wakati wa paizi, na chakula cha kila mtu? Waseme sikuwaheshimu?"

"Watasema umepika vizuri, Mama. Hilo tu ndilo nataka waseme."

Mama aliuchukua mtungi akauhamisha kutoka pembe hii mpaka ile, akautazama, akaurudisha. "Anayemtaka binti yangu atakula kilicho bora kwangu," alisema. "Mimi sina kingine cha kumpa."

Dada akaenda kulia nyuma ya choo kwa hasira. Mimi nilikuwa upande wa Mama, kwa sababu nilitaka kuku wa komamanga. Baba alipoulizwa maoni yake alisema yeye ni dereva.

Tulisafiri kwa basi, maana tajiri wa lori hakutaka kuona familia ya mtu juu ya mkonge wake. Kuku alipikwa alfajiri, sufuria yake ikaviringishwa blanketi na kufungwa kamba. Mchele, samli, maziwa na sufuria ya wali tulivitia kwenye kikapu. Basi likakaa kituoni likinguruma bila kwenda. Utingo anaita watu ambao hawapo, dereva amekwenda kunywa chai. Mama alishuka akalizunguka lile basi, akapanda, akashuka tena. "Mama, utachafua nguo," Dada alimwambia, na sauti yake ilikuwa nyembamba. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeshauliza mara nyingi mno kama tunaondoka, mpaka Baba akanipa pipi ninyamaze.

Tulipokaribia Juja tukakuta kizuizi. Miti imelazwa barabarani, askari wako na bunduki, na mzungu kijana amesimama kivulini anavuta sigara. Tukashushwa wote. Wakikuyu wakaambiwa wachuchumae upande wa kushoto, mikono kichwani, mpaka pasi zao zisomwe. Sisi tukaachwa tumesimama upande wa pili, juani. Askari mmoja akamtazama Mama kutoka buibui mpaka viatu.

"Wewe Mhindi?"

"Mwajemi."

"Hiyo ni kabila ya wapi?"

"Ya mbali," Mama akasema. Askari akamtazama Baba, akamtazama Mama, akatutazama sisi watoto wa rangi ya katikati, akaona hesabu haimkubali. Akageukia blanketi. "Fungua hiyo."

Kamba ikafunguliwa, kifuniko kikatoka. Askari aliona ule mchuzi mweusi akarudi nyuma kabisa. "Nini hii? Dawa ya kiapo cha Mau Mau?"

Jamani, siku zile watu walikuwa wanafungwa kwa neno hilo. Niliitema pipi mkononi. "Ni kuku," Mama akasema. "Tunampeleka kwa wakwe."

"Kuku gani mweusi namna hii? Mzee, kula mimi nione."

Baba akachovya kidole, akalamba, akafikiri. "Ni kuku, afande. Chumvi imepungua kidogo."

"Haijapungua!" Mama akasema, kwa ukali kiasi kwamba askari mwenyewe akacheka, akatuambia tupande. Lakini walipanda wachache kuliko walioshuka. Wengine waliachwa wamechuchumaa pale pale, na basi likaondoka na viti vyao vikiwa wazi. Dada alikuwa ameishika kamba ya sufuria kwa mikono miwili, na midomo yake inatembea. Alikuwa anaomba dua, nafikiri, au alikuwa anasema pilau, pilau, pilau.

Nyumba ya fundi ilikuwa nyuma ya maduka, na ua uliozungukwa na miti ya miiba ya kaiyaba. Baba akachukuliwa chumba cha mbele kukaa na fundi. Sisi tukapelekwa uani. Yule mama alikuwa amekaa kwenye kigoda, mguu uliovimba umewekwa juu ya kigoda kingine, mkongojo ubavuni. Alikuwa mnene, msafi, mwenye sauti ya kuita mtu aliye ng'ambo ya mto. Majirani wawili wanawake walikuwa wameshakaa mkekani, wameitwa kushuhudia.

"Karibuni," akasema. "Mmechelewa. Njaa imekuja hapa ikanisalimia, ikachoka kungoja, ikaenda zake."

Mama akamwamkia, akamweleza habari ya kizuizi, akafunga leso kiunoni, akaanza. Sijui kama mmewahi kungoja wali wa Mama mkiwa na njaa na mashahidi. Haufunuliwi. Haukorogwi. Yule mama kila mara, "Mbona hufunui uone?" Na Mama, "Bado, mkwe." Majirani wanatazamana. Mimi nimekaa, nimesimama, nimekwenda kuchungulia kuku wa watu, nimerudi. Mama alilowesha kidole, akakigusisha ubavuni mwa sufuria, ikafanya tss, akatikisa kichwa na kungoja tena. Harufu ikaanza kupanda, ile ya samli na wali unaoshikana, ambayo kwetu ilikuwa harufu ya raha zote.

"Aiya!" jirani mmoja akasema. "Mama, kinaungua!"

"Bado kidogo," Mama akajibu, na akatabasamu.

Dada akapiga magoti karibu na jiko, akajifanya anapanga sahani. Nilimsikia vizuri. "Mama, pakua wa juu tu. Ukoko uache ndani, nitausugua mimi."

"Niwape mabaki," Mama akanong'ona, "nifiche chakula?"

Akaipindua sufuria. Pu! Ukoko ukatoka mzima, bila ufa, na nasema kweli sijaona mwingine mzuri kama ule tangu siku hiyo. Mama akakata cha katikati, akakiweka kwenye sahani peke yake, bila kitu cha kukifunika, akakipeleka kwa mikono miwili na kichwa kimeinama. "Ni chako, mkwe," akasema.

Yule mama aliitazama sahani. Akaigeuza, akaitazama upande wa pili. Halafu akamwita mjukuu wake wa kike aliyekuwa anacheza mlangoni. "Njoo, wewe. Chukua ukoko huu mkale huko nje na wenzako."

Mtoto akaukwapua akakimbia, akishangilia. Nilimwona Mama akibadilika rangi. Heshima yake yote, siku nzima ya barabara, na watoto wa nje wanaigombania kwenye vumbi! Na yule mama naye akauteremsha mguu wake chini. Alizungumza na majirani, lakini maneno yalikuwa yetu. "Nimezeeka mpaka nikaletewa ukoko ndani ya ua wangu. Labda Thika ndivyo wanavyotukuza watu." Akaunyoosha mkono kutafuta mkongojo. Akisimama tu, imekwisha. Na Mama upande wake alikuwa ameshaanza kukusanya vyombo kikapuni, kijiko kinaanguka, anakiokota, kinaanguka.

Nilitaka kupiga kelele. Hakuna aliyemtukana mwenzake hapa, nyie watu wazima, hakuna! Nilifungua mdomo kabisa. Dada akanifinya paja, na akanifinya kwa nguvu zake zote. Baadaye nilielewa. Ungelielezaje jambo lile? Ungemwambia mwenye nyumba, mbele ya majirani zake, kwamba yeye ndiye aliyeitupa heshima nje kwa watoto. Asingekusamehe milele.

Dada alikuwa amepiga magoti katikati yao na birika la kunawia mikono. Akaliweka chini.

"Mama, tusamehe," akamwambia yule mama wa Ruiru. "Mama yangu ameunguza wali. Hajalizoea jiko lenu."

Niligeuka kumtazama Mama. Mama alikuwa anamtazama Dada. Dada hakuyateremsha macho yake, ila yalikuwa yamejaa maji. Nilimchukia Dada pale, nilitaka Mama aseme ukweli na tuondoke zetu na kuku wetu.

Mama akakiacha kikapu. "Ni kweli," akasema. "Niliunguza. Nisamehe, mkwe."

Basi ungemwona yule mama alivyolainika! Mkongojo ukarudi chini. "Aa, dada yangu, mbona hukusema? Kuunguza kunampata kila mtu. Mimi mwenyewe mwaka nilioolewa niliunguza mpaka sufuria ikatobolewa." Akacheka, majirani wakacheka, wakauondoa ukoko wote uliobaki wakawaitia watoto, wakajipakulia wali wa ndani. Yule kuku alimla kwa mashaka, kisha bila mashaka, kisha akaomba tena, akasema ana sura ya tope lakini Mungu hatazami sura. Fundi akaitwa mlangoni. Ndoa ikapangwa, mfungo ukiisha tu. Dada aliinuka akaenda nyuma ya kaiyaba, na mabega yake yalikuwa yanatikisika, na sikumfuata.

Yule mama akavuta kigoda chake karibu na Mama, magoti yakagusana. Alikuwa na furaha na alitaka kusaidia. "Sasa sikiliza nikufundishe," akasema. "Wali si wa kuuacha motoni mpaka ukashika chini. Maji yakikauka, punguza makaa, mengine yapalie juu ya kifuniko, halafu ufunue mara kwa mara utazame. Umenielewa?"

Nilingoja Mama amjibu. Nilijua jinsi alivyokuwa akijibu watu. Lakini alikuwa ameweka mikono mapajani, amemwinamia yule mama, anamsikiliza neno kwa neno mpaka mwisho.

"Na hayo makaa ya kupalia, mkwe," akauliza, "niweke mangapi?"